Moto Chini, Tivi Juu

Picha iliingia kwenye WhatsApp ya familia saa tisa usiku, saa ambayo Minnesota bado ni jioni. Anko alikuwa ameituma bila salamu. Ilikuwa sebule ya mtu fulani huko Marekani, meko ya mawe ukutani, na juu ya meko tivi kubwa nyeusi imetundikwa kama fremu ya harusi. Hakuna waya hata mmoja uliokuwa ukionekana. Chini ya picha akaandika: "Hivi ndivyo nataka Kenyenya. Na waya zifichwe zote."

Anko ni baba yangu mdogo. Kama Wakisii wengi waliohamia Minnesota, anajenga nyumbani kwa simu. Yeye anatuma pesa na picha, sisi tunatuma risiti na video. Mimi ndiye nyapara, kwa sababu wakati huo sikuwa na kazi Nairobi na kila mtu kwenye familia alikuwa anajua hivyo. Basi nikapanda matatu hadi Kisii, nikabadilisha, nikapita Ogembo, nikashuka Kenyenya mvua ya alasiri ikiwa ndiyo inaanza.

Nyumba ilikuwa imefika kwenye plasta. Matofali ya kuchoma, mabati mekundu, madirisha makubwa, na katikati ya ukuta wa sebule meko yenye dohani, ikiwa imepambwa kwa mawe laini ya Tabaka, yale yale ambayo wachongaji wetu wanayageuza vifaru na sahani za watalii. Fundi wa stima alisimama mbele yake akiwa na pimamaji mkononi, akaitazama kama daktari anayetazama picha ya eksirei.

"Hii tivi nitaweka," akasema. "Lakini kwanza niambie kitu kimoja. Huu moto utawashwa, ama ni wa picha?"

Nikampigia Anko. Hakushika. Nikamuuliza Nyanya, mwenye boma, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki barazani akipembua maharagwe. Hakuinua macho.

"Moto wa nyumba hii," akasema, "uko jikoni. Huo mwingine sijui ni wa nani."

*

Swali la fundi lilikuwa la kiufundi, lakini limenisumbua tangu siku hiyo, na nikajikuta nafuatilia historia ya mahali ambapo moto umekaa kwenye nyumba za Abagusii.

Nyumba ya zamani, enyomba, ilikuwa ya duara. Fito, udongo, paa la nyasi lililochongoka, na bila madirisha. Ndani iligawanywa. Kulikuwa na upande ulioitwa eero, ambapo mwenye boma alipokea wageni wake, na upande wa mama, ambapo palikuwa na moto na mawe yake matatu. Moshi ulipanda ukajitafutia njia kwenye nyasi. Uliwaumiza watu macho, ndiyo, lakini pia ulikausha paa na kufukuza wadudu. Watoto walilala karibu na moto huo. Hadithi zilisimuliwa hapo. Chinsaga ilichemka hapo pole pole hadi uchungu wake ukaisha.

Moto huo uliingia hadi kwenye lugha ya ukoo. Neno enyomba halimaanishi jengo peke yake. Linamaanisha pia watoto wote wa mama mmoja na uzao wao. Na riiga, jiwe la kuinjikia chungu, ndilo neno lililotumika pia kwa tawi la ukoo. Jirani zetu Wakuria wana neno la karibu sana, irigiha, nalo pia ni figa na pia ni tawi la watu. Kwa maneno mengine, ukitaka kujua mtu ni wa nani, uliuliza amekula kwenye moto gani.

Halafu mambo yakabadilika haraka. Karne ya 20 ilipoanza, Waingereza waliingia Gusii kwa bunduki. Wamisheni wakafuata, Wakatoliki Nyabururu mwaka 1911, Waadventista Nyanchwa mwaka 1912. Pamoja na Biblia na shule ilikuja nyumba ya pembe nne. Serikali nayo ilitoza kodi kwa kila nyumba, kwa hivyo paa juu ya kichwa chako likageuka kuwa deni. Vijana wakaanza kutoka nyumbani kutafuta shilingi za kodi, na wengi walienda Kericho, ambako mashamba makubwa ya majani chai yalifunguliwa miaka ya 1920.

Huko Kericho ndiko wengi wao walikokutana na moto wa aina nyingine. Nyumba za mameneja zilikuwa na meko ya ukutani yenye dohani ndefu. Mtu mweusi aliingia sebuleni humo kuleta kuni, kuwasha, kufagia majivu, kisha akatoka. Moto huo haukuivisha chochote. Ulikuwa wa kutazamwa na kupasha miguu ya mzungu joto, naye ameketi na glasi yake na gazeti la wiki iliyopita. Ukiuona hivyo ukiwa na miaka 19, na wewe ndiye unayebeba kuni, unaelewa haraka kwamba kuna moto wa kazi na kuna moto wa heshima.

Nyumbani Gusii, mabati yalipochukua nafasi ya nyasi na kuta zikapata pembe, moto wa kupikia haukuwa na mahali tena ndani. Moshi huchafua plasta. Mabati hayapitishi moshi kama nyasi. Basi jiko likatolewa nje, kikajengwa kibanda chake nyuma ya nyumba kubwa. Vitabu vinaliandika jambo hili kwa sentensi moja, kwamba kupika kulihamishiwa kwenye jengo la pembeni. Sentensi hiyo haisemi ni nani alihama na moto.

*

Tivi ilipoanza Kenya haikuwa yetu. Shirika la utangazaji lilianza kurusha picha mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, kutoka kwenye nyumba ya shamba huko Limuru, na mawimbi yake yalifika maili 15 tu hivi. Limuru, kwa baridi yake na nyumba zake za walowezi. Tarehe 1 Julai 1964 serikali ikalitaifisha shirika hilo, likawa Sauti ya Kenya, VoK. Mwaka 1989 likarudia jina la KBC, na mwaka uliofuata KTN ikaja kama stesheni ya kwanza ya binafsi, lakini hiyo kwanza ilikuwa ya watu wa Nairobi.

Kwetu tivi ilifika miaka ya tisini, ikiwa imebebwa kichwani na baba yangu kutoka stendi. Ilikuwa Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe. Stima haikuwepo. Tulikuwa na betri ya gari ambayo kila wiki ilipelekwa sokoni kuchajiwa, imefungwa nyuma ya baiskeli, na aliyeibeba alionywa asimwagikiwe na asidi. Antena ilifungwa juu ya mti mrefu wa mkaratusi. Mtoto mmoja aliuzungusha mti nje, mwingine akasimama dirishani, mwingine akatazama kioo.

"Imeshika?"

"Bado!"

"Na sasa?"

"Hapo! Hapo hapo! Wacha! Umeharibu!"

Watu wa umri wangu wanacheka wakisikia haya, lakini nataka uangalie jambo moja. Waya zilionekana. Waya ya antena iliingilia dirishani na dirisha halikufungika vizuri tena. Waya mbili za betri, nyekundu na nyeusi, zilitambaa sakafuni na koleo zake za chuma. Hakuna aliyewahi kufikiria kuzificha. Jirani akiingia, macho yake yalifuata waya kutoka mlangoni hadi kwenye meza ambako tivi ilikaa, juu yake kitambaa cheupe cha kufuma, na alijua amefika kwa watu waliojikaza. Antena juu ya mti ilionekana kutoka ng'ambo ya bonde. Waya zilikuwa ndiyo habari yenyewe.

Tivi ilikaa sebuleni, upande wa wageni, yaani kwenye eero ya kisasa. Babu alikaa kwenye kiti chenye mikono. Sisi tulijaa sakafuni, pamoja na watoto wa majirani, miguu ikinuka matope. Ijumaa jua likizama tivi ilizimwa kwa ajili ya Sabato, na hata betri ikiwa imejaa hapakuwa na mjadala.

Vitimbi na Vioja Mahakamani vilipoanza, Nyanya alikuwa jikoni. Lazima angekuwa jikoni, kwa sababu ilikuwa jioni na watu zaidi ya 20 walikuwa wanangoja obokima. Kati yake na tivi kulikuwa na ukuta wa jikoni, kiwanja, na ukuta wa sebule. Babu alikuwa mkarimu, aliongeza sauti. Nyanya alifuata kesi zote za Vioja kwa masikio. Wakati mwingine alipaza sauti kutoka kwenye moshi, "Hakimu amesema nini?" na mmoja wetu alikimbia kumwambia, kisha akarudi mbio asikose lingine.

Mzee Ojwang alipofariki, Julai 2015, picha yake ilikuwa kila mahali. Nilikuwa nyumbani wiki hiyo. Nyanya alitazama ile picha kwenye gazeti na kuuliza, "Huyu mzee ni nani?" Nikadhani anatania. Nikamwambia ni Ojwang, wa Vitimbi. Akaishika ile karatasi karibu na uso, akaangalia sana. Kisha nikamchezea klipu kwenye simu, na sauti ilipotoka tu, akapiga kofi. "Aaah! Huyu namjua!"

Alikuwa amemsikiliza kwa karibu miaka 20. Hakuwa amewahi kumwona.

*

Sasa turudi kwenye picha ya Anko, kwa sababu hata hiyo ina historia yake, na ni ya kuchekesha kidogo.

Neno la Kilatini la meko ni focus. Mwaka 1604 mwanasayansi Johannes Kepler alilichukua akalifanya neno la kisayansi, labda akifikiria pale ambapo miale ya mwanga hukutana baada ya kupita kwenye lenzi, mahali panapoweza kuwasha moto. Kwa hivyo kila mara simu yako inapoandika kwamba kamera inatafuta fokasi, kwa asili inatafuta meko.

Redio ilipoingia kwenye nyumba za Marekani, ilikuja kukaa karibu na moto huo. Rais Franklin Roosevelt alipoanza kuzungumza na taifa kwa redio mwaka 1933, mazungumzo yake yakapewa jina la mazungumzo ya kando ya moto, ingawa watu walikuwa wamekaa kando ya kisanduku. Kisha tivi ikaja na kuondoa hata adabu hiyo ya kukaa kando. Usiku wa tarehe 24 Desemba 1966, stesheni ya WPIX ya New York ilirusha picha ya magogo yanayowaka kwenye meko ya nyumba rasmi ya meya, na nyimbo za Krismasi juu yake. Ilikuwa filamu fupi sana, ikirudiwa tena na tena kwa saa tatu. Watu wa ghorofani wasio na meko walikaa mbele ya tivi wakaota moto usio na joto. Watazamaji waliipenda, na kwa miaka mingi ikawa desturi.

Kwa nini basi hawakuitundika tivi juu ya meko tangu zamani? Kwa sababu haikuwezekana. Tivi ya kichogo ya inchi 29 ilikuwa na kilo 40 na zaidi, na nyuma yake ilikuwa ndefu kama kabati. Ukiitundika ukutani inakuangukia. Ni hadi mwaka 1997, skrini bapa za plazma za inchi 42 zilipoingia sokoni kwa bei ya gari, ndipo tivi ikaanza kuwa kitu cha ukutani. Baadaye bei ikaanguka, breketi zikawa za vipimo vya kawaida, matundu ya nyuma milimita 200 kwa 200, ama 400 kwa 400, na mtu yeyote mwenye drili akaweza. Sebule za Marekani zilikuwa tayari zimejengwa viti vyote vikitazama meko. Kulikuwa na sehemu moja ya kutazama na vitu viwili vya kutazamwa. Wakaviweka kimoja juu ya kingine.

Huku kwetu mambo mengine mawili yalitokea mwaka 2015. Februari, mitambo ya analogi ilipozimwa, stesheni kubwa za binafsi zikawa nje ya hewa kwa siku 19, na zile Great Wall zote zikawa vipande vya samani hadi upate king'amuzi, ambacho kilileta waya zake tatu zaidi. Na mwaka huo huo mradi wa Last Mile ukaanza, gharama ya kuunganishiwa stima ikashuka kutoka karibu shilingi 35,000 hadi 15,000. Nguzo zikaonekana Kenyenya mahali ambapo hazikuwahi kuonekana. Waya zikawa za kila mtu. Na kitu kikiwa cha kila mtu hakitoshi tena kumwonyesha jirani. Nadhani ndipo tulipoanza kuzificha.

*

Fundi alikuwa mtu wa kupima. Alinikalisha kwenye kiti, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye jicho langu: mita moja na sentimita 12. Kisha akapima mahali ambapo katikati ya tivi pangekuwa juu ya meko: mita moja na sentimita 75.

"Nusu saa uko sawa," akasema. "Mechi ikienda penalti, shingo itakuambia."

Kisha akanipa somo la waya, na nalitoa hapa bure kwa yeyote anayejenga. Waya ya stima ya tivi haizikwi hivi hivi ndani ya plasta. Unachimba mfereji ukutani kabla ya plasta ya mwisho, unalaza paipu, waya zinapita ndani ya paipu. Soketi inakaa nyuma ya tivi yenyewe, ili ile waya fupi isionekane. Paipu ya HDMI iwe ya pekee, na iwe pana, kwa sababu kichwa cha HDMI kina upana wa karibu sentimita mbili na watu wengi hugundua hivyo ukuta ukiwa umeshazibwa. Acha kamba ndani ya paipu, ya kuvutia waya nyingine miaka ijayo. Mfereji uende wima ama mlalo, usikate kona kama mbuzi. Na kabla ya kuziba, piga picha ukuta ukiwa wazi, futi ya kupimia ikionekana, ili kesho mtu akitaka kutundika saa asitoboe stima.

"Lakini hapa kwa dohani," akasema, akigonga ukuta juu ya meko, "sichimbi mfereji. Nyuma ya haya matofali ni njia ya moshi. Waya nitaipitisha kando. Na bado hujajibu swali langu. Utawashwa?"

Anko alikuwa amejibu asubuhi hiyo. Ndiyo, utawashwa. Desemba anakuja na watoto, anataka waote moto.

Fundi akaenda kwa jirani anayefuga kuku akaazima kipimajoto cha chumba cha vifaranga. Akakibandika kwa utepe ukutani, pale ambapo tivi ingekaa, tukawasha kuni za mkaratusi. Kitabu cha tivi, ambacho nilikisoma kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kilisema isitumiwe mahali panapozidi nyuzi 40. Baada ya saa moja kipimajoto kilisoma 47. Baada ya saa mbili, 54. Tukaacha moto ufe. Saa nzima baadaye mawe ya Tabaka bado yalikuwa yanatoa joto. Ndivyo jiwe hilo lilivyo, likishika joto haliachi upesi. Ukuta ulisoma 45 na hakukuwa na hata kaa moja jekundu.

Nikampiga picha fundi akiwa ameshika kipimajoto, nikaituma Minnesota. "Itaharibika," nikaandika. "Moto ama tivi. Chagua."

Tulikuwa tumekaa siku nzima tukilinda kifaa kisichozidi shilingi 80,000 dhidi ya joto na moshi. Nyanya alikuwa amepita hapo mara tatu na kuni begani, akienda zake nyuma. Mara ya tatu alisimama mlangoni.

"Mnapima nini?"

Fundi akamweleza kwa Ekegusii, kwa heshima, kwamba joto na masizi huua tivi mapema.

Nyanya akasikiliza hadi mwisho. "Kumbe," akasema. "Mkimaliza, mniletee hicho kitu jikoni."

Alisema kama mzaha na fundi akacheka. Lakini nilikibandua nikakipeleka. Sina haja ya kukuambia namba. Mlango wa jikoni ni mmoja, dirisha ni dogo kama daftari, na ukisimama wima macho yanafunga yenyewe. Dari lote la fito limekuwa jeusi linalong'aa, kama lami. Nyanya alikuwa ameinama juu ya sufuria, akikohoa kile kikohozi ambacho sisi sote tunakijua na tulikuwa tumekiita sauti yake tu. Nyumba nzima ilikuwa na dohani moja, na ilikuwa mahali ambapo hakuna anayepika.

Hatuko peke yetu. Sensa ya mwaka 2019 ilipata kwamba asilimia 40.7 ya nyumba za Kenya zina tivi inayofanya kazi, na asilimia 55.1 zinapika hasa kwa kuni. Makundi hayo mawili yanaingiliana. Zipo nyumba nyingi zenye skrini bapa mbele na mawe matatu nyuma, na kati yake kiwanja ambacho mtu mmoja hukivuka akiwa na sahani.

Sitaki kuipamba enyomba ya zamani. Moshi wake uliumiza pia, na mambo mengi yaliyoamuliwa upande wa eero hayakumuuliza mtu wa upande wa moto. Lakini angalau moto na mazungumzo vilikuwa chini ya paa moja. Tulipoutoa moto nje tulifanya hivyo kulinda kuta. Tivi ilipokuja tuliiweka kwenye kuta zile safi. Na sasa tumeurudisha moto ndani, ukiwa na mawe ya kuchonga na dohani ya gharama, lakini ule wa Kericho, wa kutazamwa. Ule wa Nyanya bado uko nje.

*

Anko alipiga simu usiku. Alianza kwa ukali kidogo, kama mtu aliyelipa. Nikamwambia habari za nyuzi 54. Akasema Marekani wanaweka na haiharibiki. Nikamwambia wengi wa huko wanawasha gesi, tena kwa dakika chache, na wengine hawawashi kabisa. Akanyamaza. Kisha nikamwambia habari za jikoni, na kile Nyanya alichosema, na habari ya picha ya Mzee Ojwang, ambayo hakuwahi kuisikia.

Ukimya ulikuwa mrefu hadi nikadhani bando imeisha.

"Mimi ndiye nilikuwa nakimbia," akasema mwishowe. "Akiuliza hakimu amesema nini. Mimi ndiye nilikuwa natumwa kumwambia."

Tivi ilitundikwa ukuta wa kando, kushoto mwa meko, katikati yake ikiwa mita moja na sentimita 5 kutoka sakafuni, kimo cha jicho la mwanamke mzee aliyeketi. Waya zimefichwa zote, kama alivyotaka; paipu moja ya stima, moja pana ya HDMI, kamba ndani. Picha ya ukuta ukiwa wazi ninayo kwenye simu, futi ya kupimia ikionekana. Matofali yaliyobaki, na pesa zilizokuwa za rafu ya mbao ya juu ya meko, vilijenga dohani ya jikoni na jiko lililoinuka hadi kiunoni, ili mpishi asiiname. Fundi alivuta waya moja zaidi kuvuka kiwanja, akaweka taa na soketi. Hiyo waya haikufichwa. Inapita hewani kutoka nyumba kubwa hadi jikoni, na ukiingia bomani ndicho kitu cha kwanza unachokiona.

Desemba Anko alikuja. Watoto wake waliota moto kwa siku mbili, wakachoka, wakarudi kwenye simu zao. Jioni ya tatu tulimkuta Nyanya peke yake sebuleni, kiti chake kimegeuzwa kidogo ili moto umpate mgongoni, akitazama marudio ya Vioja Mahakamani. Anko aliingia akasimama nyuma yake.

"Hakimu amesema nini?" akamuuliza.

Nyanya akamwashiria kwa mkono anyamaze. Alikuwa anamtazama hakimu.